Duara la Marika na Hesabu Zirudizo

Kutoka Bungoma hadi viunga vya Kitale, Mbukusu akitaka kumjua mtu humwuliza rika lake. Marika ni manane, na kijana huingia rikani kwa tohara, ambayo hufanyika Agosti ya kila mwaka ugawanyikao kwa mbili. Baada ya Maina huja Chuma, kisha Sawa, halafu Kolongolo. Na ipitapo takriban miaka mia moja, jina lililozeeka pamoja na wazee wake huchukuliwa tena na vijana.

Wanahesabu nao wana duara la namna hiyo. Chora duara ambalo nusu ya kipenyo chake ni 1, kisha utie nukta nane zilizoachana sawasawa, mojawapo ikiwa 1 yenyewe. Kila nukta ni namba yenye mwelekeo, na kuizidisha kwa nafsi yake ni kuizungusha. Ikifikishwa kipeo cha nane, kila moja hurudi kwenye 1.

Sasa itazame milinganyo ambayo tarakimu zake husomeka vilevile mbele na nyuma, kama neno "ada". Majawabu mawili ya x² − x + 1 = 0 yote yako duarani, na kipeo cha sita huyarudisha kwenye 1. Lakini ukiandika x² − 3x + 1 = 0, jawabu moja latoka nje, karibu 2.618, na mwenzake labaki ndani, karibu 0.382. Kusomeka pande zote mbili, basi, hakutoshi.

Mwaka 1857 Mjerumani Leopold Kronecker alithibitisha kwamba tarakimu zikiwa namba kamili, ya kwanza ikiwa 1, na majawabu yote yakiwa duarani, hapana budi kila moja litarudi kwenye 1. Mwaka 1933 Mmarekani Derrick Lehmer alionyesha mlingano wa kipeo cha kumi wenye tarakimu 1, 1, 0, −1, −1, −1, −1, −1, 0, 1, 1. Majawabu manane yako duarani. Moja liko nje kidogo tu, karibu 1.176, na mwenzake ndani. Kwa sababu ya huyo aliyetoka, wale wanane huzunguka milele wasifike kwenye 1. Je, upo mlingano ambao umbali wa majawabu yake ya nje toka kitovuni, ukizidishwa pamoja, huzidi 1 lakini haufiki huo wa Lehmer? Hadi leo hapana aliyeupata, wala aliyethibitisha kuwa haupo.

Hatusemi kwamba wazee wa Bungoma walikuwa na milinganyo hii. Lakini mwalimu wa Kitale anayetafuta pa kuanzia somo hili hana haja ya kwenda mbali: na awaulize wanafunzi marika ya babu zao.