Je, Wajua? Gemu Nayo Huomba Mahali pa Kukaa

Je, wajua kwamba swali la kwanza ambalo gemu humwuliza mtu kwenye Windows halihusu mchezo? Linauliza mahali: niwekwe wapi? Wengi wetu hubofya kitufe cha kuendelea mara nne bila kusoma neno, na lawama zote za baadaye huanzia hapo. Safu ya leo naiandikia Dzaleka, ambako vijana wanatengeneza gemu zao wenyewe, na Lilongwe, ambako gemu hizo hufika zikiwa ndani ya flashi mfukoni mwa mtu.

Je, wajua kwamba Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kufunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994? Iko wilaya ya Dowa nchini Malawi, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Ilipangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamepita 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni na darasani. Mkimbizi kutoka Burundi, Remy Gakwaya, alianza kufundisha wenzake kuandika programu za kompyuta humo humo kambini. Kwa hiyo anayedhani kambini watu hupokea tu teknolojia ya wengine, hajafika.

Wajua kwa nini diski ya kwanza ya Windows huitwa C? Herufi A na B zilishachukuliwa na diski laini za kuchomeka. Diski laini zimekufa, herufi zao bado zimewekewa nafasi.

Je, wajua kwamba folda ya Program Files ilikuja na Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995? Na jina lake lina nafasi katikati, nafasi iliyowaumiza watengenezaji wengi. Programu ikiitwa kwa njia yake kamili bila alama za kunukuu, Windows huweza kuishia kwenye ile nafasi na kutafuta kwanza faili liitwalo Program.exe juu kabisa ya diski C. Ikilikuta, hata kama limewekwa na mwizi, hilo ndilo litakalofunguliwa. Ndiyo maana anayejaribu kisakinishi, yaani lile faili la setup, asikwepe folda yenye nafasi. Aitafute makusudi. Aweke gemu yake kwenye folda iitwayo "Gemu Zangu Mpya" aone kama itafunguka.

Wajua kwamba kompyuta yenye Windows ya biti 64 ina Program Files mbili? Ile yenye (x86) mkiani ni ya programu za biti 32. Na hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi: folda ya System32 ndiyo yenye vitu vya biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye vitu vya biti 32. Majina yamebaki yalivyokuwa ili programu za zamani zisipotee njia.

Je, wajua kwamba gemu nyingi za miaka ya 1990 zingeweza kucheza kwenye mashine za leo, lakini setup zake ndizo zinazogoma? Gemu yenyewe ni ya biti 32, setup yake ni ya biti 16, na Windows ya biti 64 haifungui kabisa kitu cha biti 16. Mtu anatupa CD nzima kwa kosa la mlango.

Je, wajua kwamba tangu Windows Vista, jina la faili peke yake linaweza kuifanya kompyuta ikudai nywila ya msimamizi? Windows ikikuta programu ya biti 32 isiyojieleza inahitaji ruhusa gani, na jina lake lina neno kama "setup", "install" au "update", hukisia kwamba ni kisakinishi na kusimamisha kila kitu mpaka msimamizi aruhusu. Nimeona faili likibadilishwa jina tu, likafunguka.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo moyo wangu ulipo. Niliwahi kukaa na vijana watatu kambini wakijaribu setup ya gemu yao ya bao. Bao la kete 64 na mashimo 32. Wamalawi nao wanalo, wanaliita bawo, hivyo gemu hiyo ingechezwa na mkimbizi na mwenyeji bila mtu kufundishwa sheria. Kwenye mashine ya aliyeiandika, kila kitu kilikwenda vizuri. Walipoipeleka kwenye kompyuta ya darasani, dirisha la kudai nywila likatokea. Nywila ilikuwa kwa mwalimu, na siku hiyo mwalimu hakuwepo. Kazi ya miezi ikasimama mbele ya kisanduku kimoja kitupu.

Je, wajua kwamba dawa ya tatizo hilo ipo ndani ya Windows yenyewe? Kila mtumiaji ana folda yake ya AppData, na ndani yake, kwenye Local, kuna nafasi iitwayo Programs. Programu ikiwekwa humo haihitaji ruhusa ya mtu mwingine yeyote, na haimgusi mwingine anayetumia mashine ile ile. Inno Setup, chombo cha bure cha kutengeneza visakinishi ambacho Jordan Russell alikianza mwaka 1997, kina mstari mmoja tu wa maelekezo unaosema kwamba ruhusa ya chini kabisa inatosha. Kinaweza hata kumwuliza mtumiaji: uweke kwa ajili yako peke yako, au kwa wote? Wale vijana waliongeza mstari huo, na kesho yake bao likachezwa darasani kabla mwalimu hajafika.

Ndiyo, kuna gharama. Wanafunzi 10 wenye akaunti zao kwenye kompyuta moja wakiweka gemu ile ile kila mmoja kivyake, diski itabeba nakala 10. Kwa gemu ya bao si neno. Kwa gemu ya gigabaiti 20, mwalimu afuatwe.

Wajua kwamba Windows huweza kuidanganya programu ya zamani? Gemu ya biti 32 ikijaribu kuandika alama za mchezaji ndani ya Program Files bila ruhusa, Windows huzipeleka kimyakimya kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya akaunti ya aliyekuwa akicheza. Gemu inaamini imeandika pale ilipotaka. Kisha mdogo wake anaingia kwa akaunti yake, anakuta ubingwa wa kaka haupo, ugomvi unaanza. Alama zina mahali pake: kila akaunti ina folda ya Saved Games, nayo imekuwepo tangu Vista.

Je, wajua kwamba jina lako la ubatizo linaweza kuivunja gemu? Waulize akina Désiré, Gédéon na Noëlla. Mtu akifungua akaunti kwa jina lenye alama juu ya herufi, jina hilo huingia kwenye njia ya folda zake zote chini ya C:\Users. Programu iliyoandikwa na mtu aliyezoea herufi za Kiingereza tu hufika hapo, ikaona herufi isiyoijua, ikazima. Katika kambi iliyojaa Wakongo na Warundi, hili ni jaribio la lazima. Fungua akaunti iitwayo Désiré, weka gemu, cheza, hifadhi, funga, fungua tena. Ikipita hapo, imepita mtihani ambao makampuni makubwa yameuangukia mara nyingi.

Na Windows ya Kifaransa? Huko folda hujionyesha kama "Programmes", lakini jina lake la kweli kwenye diski ni Program Files vilevile. Kijerumani cha Windows XP kilikuwa kigumu zaidi: folda iliitwa "Programme" kweli kweli. Hivyo usiandike kamwe C:\Program Files kwa mkono ndani ya setup yako. Iulize Windows ikwambie folda iko wapi; itakujibu sawa kwa lugha yoyote na kwenye diski yoyote.

Je, wajua kwamba njia ya faili kwenye Windows kwa kawaida huishia herufi 260? Windows 10 ya mwaka 2016 iliruhusu kuvuka hapo, ila mpaka mtu auwashe uwezo huo na programu yenyewe iukubali. Yule anayefungua faili lililobanwa ndani ya folda, ndani ya folda, ndani ya folda nyingine iliyoko Desktop, ajue kwa nini nusu ya picha za gemu yake hazionekani.

Je, wajua kwamba flashi nyingi haziwezi kubeba faili la gigabaiti 4, hata ziwe na nafasi kubwa kuliko hiyo? Zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na huo ndio mpaka wake. Windows nayo haifungui faili la .exe linalozidi gigabaiti 4. Kwa hiyo setup ya gemu kubwa hukatwa vipande: .exe ndogo mbele, vipande vya .bin nyuma. Kwa Dzaleka hili si jambo dogo. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na tangu hapo safari ya kwenda Lilongwe kutafuta intaneti ya kasi si ya kila siku. Setup inayodai kupakua sehemu iliyobaki kutoka intaneti, kambini ni mlango uliochorwa ukutani. Ije kamili, au isije.

Wajua kwamba kila Windows ya leo ina kipimo cha kujua kama faili limefika salama? Andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, upate mstari wa herufi na tarakimu 64. Mstari wa Lilongwe ukilingana na wa kambini, faili ni lile lile. Tarakimu moja ikitofautiana, rudia kunakili kabla hujamlaumu mwandishi wa gemu.

Je, wajua umeme ukikatika katikati ya kuweka programu nini hutokea? Ukibofya kitufe cha kughairi, kisakinishi kizuri hurudi nyuma na kufuta kilichokwisha kuweka. Umeme ukikatika hakipati nafasi hiyo. Vipande hubaki vimetapakaa. Malawi inalijua giza. Januari 2022 dhoruba ya Ana iliharibu kituo cha Kapichira kwenye mto Shire, na nchi ikapoteza takriban megawati 130 kwa mkupuo mmoja. Basi jaribu hivi: kuweka gemu kukifika nusu, izime mashine kwa nguvu. Iwashe, fungua setup upya. Inatakiwa iweke kila kitu juu ya mabaki hayo bila malalamiko. Setup isiyoweza hilo haijakamilika, nalisema bila kupunguza.

Je, wajua kwamba kuhamishia gemu diski D hakuziokoi zote Windows ikipigwa upya? Folda itabaki, lakini kumbukumbu zake kwenye rejista ya Windows zilikuwa C, nazo zimefutwa. Gemu iliyobeba kila kitu chake ndani ya folda moja itafunguka kama kawaida. Iliyotegemea vitu vilivyowekwa kwenye Windows itadai iwekwe tena. Wako mafundi wanaobadilisha rejista ili Program Files yote ihamie D. Microsoft imesema wazi kwamba haiungi mkono jambo hilo. Kisakinishi kikikuuliza mahali, chagua hapo. Usimhamishe mwenye nyumba.

Wajua kwamba Windows ina chumba cha majaribio kinachojisafisha? Huitwa Windows Sandbox, kimekuwepo tangu 2019, na ukikifunga kila kitu ndani yake hufutika. Toleo la Home halina. Kwa wenye Home, akaunti mpya isiyo na ruhusa za msimamizi hutosha kwa kazi nyingi, na haihitaji mashine yenye nguvu.

Je, wajua kuhusu Lual Mayen? Msudani Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi ikafika dola 300, akamnunulia kompyuta ya mkononi. Kuchaji tu kulimgharimu mwendo wa saa tatu kwa miguu. Akajifundisha, akatengeneza gemu ya amani aliyoiita Salaam, na mwaka 2018 akatunukiwa kwenye hafla ya The Game Awards huko Marekani. Kila nikimwona kijana wa Dzaleka akisubiri foleni ya tundu la umeme, namkumbuka mama yule.

Je, wajua kwamba maneno yote ambayo kisakinishi cha Inno Setup humwonyesha mtu yamo ndani ya faili moja la maandishi ya kawaida, na yeyote anaweza kuyatafsiri? Microsoft ilishatoa tafsiri ya Kiswahili ya Windows XP, kwa hiyo maneno si mageni. Wale vijana wa bao walibishana jioni nzima. Wa Bujumbura alitaka "sakinisha", kwa kuwa ndilo neno la vitabuni. Wa Uvira alisema bibi yake halijui neno hilo, na bibi naye anacheza bao. Mwishowe juu ya dirisha waliandika "Gemu iwekwe wapi?", chini yake njia ya AppData ikiwa imekwisha jazwa, na kitufe kimoja kikubwa: "Weka hapa."