Kwa Nini Jiwe Huanguka?

Riruta, upande wa magharibi wa Nairobi, ni mahali pa miinuko na mabonde. Mtoto wa huko huijua nguvu ya ardhi kabla hajajua kusoma. Akiachilia gurudumu mtelemkoni hulikimbilia asilipate. Akipanda na debe la maji huhisi limevutwa chini. Nguvu hiyo wataalamu huiita mvutano wa ardhi.

Lakini mara nyingi mtoto afikapo darasani hupewa jina hilo alikariri, wala haulizwi ameona nini. Yafaa mwalimu au mzazi ashike mawe mawili, moja kubwa na moja dogo, awaulize watoto ni lipi litakalotangulia kufika chini. Wengi watasema ni lile kubwa. Basi ayaachilie kwa pamoja kutoka kimo kimoja, nao wataona kwamba yote mawili yatua pamoja. Kisha achukue karatasi mbili zilizo sawa, moja aifinyange kama mpira. Hiyo itatangulia, ijapokuwa uzito ni ule ule, kwa sababu hewa huizuia zaidi iliyo pana. Mwaka 1971 Mmarekani David Scott aliangusha nyundo na unyoya huko mwezini, mahali pasipo hewa, navyo vikafika chini pamoja.

Njia hii si ngeni katika Kenya. Katika miaka ya 1960, mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika uliwahimiza walimu kutumia vitu vya mahali pao na kumwacha mtoto ajaribu mwenyewe. Mtaala wa umilisi, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, nao wasisitiza vivyo hivyo.

Faida yake haiishi darasani. Mtoto aliyesukuma kigari kitupu, kisha kilichojaa mawe, hufahamu kwamba kilicho kizito ni kigumu kuondoka na kigumu kusimama. Akikisukuma penye tope, huona jinsi magurudumu yanavyoteleza msuguano ukipungua. Mtoto huyo ana sababu ya kujiepusha na mkokoteni uteremkao wakati wa mvua, hata kama mwenye kuushika anapiga kelele kwamba atausimamisha.

Kwa hiyo, mtoto aangushapo kijiko mara kumi, mzazi asiharakishe kumkemea. Amwulize anadhani kitaangukaje, kisha amwache ajaribu.