Uongo Hukua kwa Mazoea

Wapo watu wasemao kwamba uongo ni maumbile ya binadamu, na kwa hiyo mwongo asilaumiwe. Nusu ya dai hilo twaikubali. Mtoto wa miaka mitatu hukana kosa lake bila ya kufundishwa na mtu.

Nusu ya pili twaikataa. Mwaka 2016 wataalamu wa chuo kikuu kimoja mjini London walitangaza matokeo ya kuwapima ubongo watu waliopewa nafasi ya kudanganya wenzao kwa faida yao. Mwanzoni sehemu ya ubongo inayohusika na hisia ilishtuka. Kadiri uongo ulivyorudiwa, mshtuko ulipungua na uongo ukazidi.

Basi maumbile yametupa vyote viwili: ulimi wa kudanganya na nafsi ya kutusuta. Karani wa mizani ampunjaye mkulima kilo moja ya pamba leo, nafsi yake itanyamaza siku atakapompunja kumi. Hapo hawezi kuyasingizia maumbile, kwani aliyeinyamazisha ni yeye mwenyewe.

Kila mmoja wetu na aukatae uongo wa kwanza, nafsi ingali inasuta. Samaki mkunje angali mbichi.