London hadi Paris: Saa Moja Angani, Nusu Siku Njiani

Kwenye ramani, London na Paris ni majirani. Ukipima kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 344, umbali mfupi kuliko Nairobi hadi Mombasa. Kwa hivyo ukiona tiketi ya bei poa kwenye simu, ni rahisi kusema: si ni saa moja tu, wacha nilipe! Iwe unapanga safari yako au unamlipia mtoto anayesoma Uingereza, hebu tupige hesabu pamoja kwanza.

Soma saa vizuri
Paris iko mbele ya London kwa saa moja, mwaka mzima. Tiketi ikisema unaondoka 09:00 na kufika 11:20, yaani saa tatu asubuhi hadi saa tano na dakika ishirini, toa saa moja. Safari ni saa 1 na dakika 20. Kurudi ni kinyume: unaondoka 12:00, unafika 12:20. Hiyo si ndege ya maajabu ya dakika ishirini. Ongeza ile saa moja.

Hesabu muda ambao tiketi haionyeshi
Kutoka katikati ya London hadi uwanja wa ndege, weka saa moja. Kufika mapema kwa ukaguzi, saa mbili. Ndege, saa 1 na dakika 20. Ukishuka Charles de Gaulle bado uko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Paris. Foleni ya pasipoti na treni ya kuingia mjini zinaweza kula saa moja na nusu. Jumla ni karibu saa sita.

Sasa linganisha na treni ya Eurostar. Inatoka St Pancras, London, inapita chini ya bahari kwenye handaki lililofunguliwa 1994, na kufika Gare du Nord, ndani ya Paris, kwa kama saa 2 na dakika 20. Pasipoti zote hukaguliwa London kabla ya kupanda. Hata ukifika stesheni saa moja na nusu mapema, jumla haifiki saa nne.

Visa kwanza, malipo baadaye
Hapa ndipo pesa hupotea. Visa ya Uingereza haikuingizi Ufaransa. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji visa ya Schengen, na tiketi nyingi za bei ya chini hazirudishiwi pesa.

Kabla hujaweka PIN, hakikisha:
- Jina kwenye tiketi ni lile lile la pasipoti.
- Bei imejumlisha mzigo, pamoja na nauli ya kwenda na kutoka uwanjani.
- Umeona kiasi kamili kwa shilingi, si pauni au yuro peke yake.

Tiketi rahisi ni ile ambayo bado ni rahisi baada ya kujumlisha kila kitu.