Imani Tano za Makerere

Januari 1961, wataalamu wa kufundisha Kiingereza kutoka nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Kampala. Uganda ilikuwa bado chini ya Uingereza, Tanganyika ilikuwa inahesabu miezi, na mezani palikuwa na swali zito: makoloni yakishakuwa mataifa huru, Kiingereza kitafundishwaje, na nani atakifundisha? Mawazo yaliyotamba pale yalipenya katika mitaala, vyuo vya ualimu na vitabu vya shule, yakakaa humo miongo kadhaa. Mwaka mmoja baadaye waandishi wa Afrika nao walikusanyika hapohapo Makerere kujadili fasihi yao ya Kiingereza, na mkutano wao ndio unaotajwa hadi leo. Ule wa walimu umesahaulika, ingawa ndio uliowagusa watoto wengi zaidi.

Ilichukua miaka 31 kabla ya mtu kuufufua kwa kishindo. Robert Phillipson, mwanaisimu Mwingereza aliyefanya kazi Denmark, aliyachambua mawazo ya mkutano huo katika kitabu chake Linguistic Imperialism (1992) na kuyakunja yakawa imani tano: kwamba Kiingereza hufundishwa vyema kwa Kiingereza kitupu, kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho, kwamba mtoto akianza mapema ndiyo heri, kwamba kadiri saa za Kiingereza zinavyoongezeka ndivyo matokeo yanavyopanda, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, Kiingereza kitashuka. Mwenyewe alizipa jina kali zaidi. Aliziita hoja potofu.

Aliyepitia shule za Afrika Mashariki anazijua, hata kama jina la Phillipson halijawahi kumfikia. Zimo katika bango la “Speak English Only” getini. Zimo katika kile kibao alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani, adhabu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o aliisimulia katika Decolonising the Mind (1986). Zimo pia katika hesabu za mzazi anayejibana ili mtoto wa miaka mitatu aingie “English Medium”. Sehemu kubwa ya utafiti wa sasa kuhusu ufundishaji wa Kiingereza, ukiutazama vizuri, ni kazi ya kuzipima imani hizo. Hazijatoka salama.

Ile ya kuanza mapema ilikuwa rahisi kupima. Huko Barcelona, timu ya Carmen Muñoz iliwafuatilia wanafunzi walioanza Kiingereza wakiwa na miaka 8 na wengine walioanza na miaka 11 au zaidi, ikawalinganisha baada ya kusoma saa zilezile. Wakubwa walijifunza haraka zaidi, na wadogo hawakuwapita. Uswisi nako, Simone Pfenninger na David Singleton walikuta kwamba walioanza wakiwa na miaka 13 waliwafikia wenzao wa miaka 8 katika muda mfupi. Mtoto anayeishi London hunyonya lugha mitaani kutwa nzima. Mwenye vipindi vichache kwa wiki hana bahari ya namna hiyo, na umri wake mdogo haumsaidii kama wazazi wanavyodhani.

Imani iliyozua ubishi mrefu zaidi, hasa Tanzania, ni ile ya Kiingereza kitupu. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Wakati huohuo Clive Criper na Bill Dodd waliletwa kutoka Uingereza kupima hali ya Kiingereza shuleni, na ripoti yao ya 1984 ilikuwa chungu: ni karibu asilimia 10 tu ya wanafunzi wa Kidato cha Nne waliokuwa na kiwango ambacho kwa kawaida mtu angekitarajia kwa mwanafunzi anayeanza kufundishwa kwa Kiingereza. Yaani wengine tisa kati ya kumi walikuwa wanamaliza kabla hawajawa tayari kuanza. La kushangaza ni hitimisho lao: Kiingereza kiendelee.

Tangu 2002 mradi wa LOITASA, ulioanzishwa na watafiti wa Norway, Tanzania na Afrika Kusini akiwemo Birgit Brock-Utne, uliendesha majaribio ya kufundisha mada zilezile kwa Kiswahili katika darasa moja na kwa Kiingereza katika jingine. Waliofundishwa kwa Kiswahili walifanya vizuri zaidi. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameeleza kwa miaka mingi jambo ambalo wengi hulichanganya: kufundisha Kiingereza ni kazi moja, kufundisha baiolojia kwa Kiingereza ni nyingine, na ya pili haiwezi kuibeba ya kwanza. Mwanafunzi asiyeelewa somo hajifunzi baiolojia, wala Kiingereza hakipati.

Ukweli wa hoja hiyo unaonekana wazi darasani. Mwalimu anauliza, “Plants make their own what?” Darasa zima linaitikia, “Foood!” Anauliza tena, “Are we together?” Wote: “Yes, teacher!” Watafiti Nancy Hornberger na Keith Chick waliliona jambo hilohilo Peru na Afrika Kusini, wakaliita mazungumzo ya usalama: mwalimu haaibiki, mwanafunzi haaibiki, na hakuna aliyejifunza kitu. Mkamate mmoja wa wanafunzi hao nje ya darasa umuulize kwa Kiswahili mmea unapataje chakula chake. Kama maelezo hana, kiitikio kile kilikuwa muziki tu.

Ndiyo maana mkondo wa sasa hauulizi tena “Kiswahili au Kiingereza?” Unauliza vipi lugha zote alizonazo mwanafunzi zitumike kwa mpango. Mawazo haya yalianzia Wales, ambako Cen Williams mnamo 1994 alieleza masomo ambayo mwanafunzi husoma kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine. Ofelia García wa New York ndiye aliyeyasambaza duniani. Nchini Tanzania yakapata sura ya kitabu cha kiada. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzao walitunga vitabu vya Kidato cha Kwanza vyenye sentensi fupi, michoro mingi, maneno magumu yaliyofafanuliwa kwa Kiswahili pembeni, na mazoezi yanayowaruhusu wanafunzi kujadiliana kwanza kwa Kiswahili, kisha kuandika jibu kwa Kiingereza wakisaidiwa na sentensi zilizoachwa nusu. Rwanda, iliyohama ghafla kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kuanzia 2008, nayo ilijaribu vitabu vya aina hiyo katika darasa la nne, na waliovitumia walipata matokeo bora.

Inapendeza kwamba walimu wengi walikuwa wakifanya hivyo zamani, kwa kuibia. Mkaguzi akiingia, Kiingereza, akitoka, “Haya, tusikilizane sasa.” Utafiti umekuja kuhalalisha kilichokuwa kikifanyika kwa hofu, na kukiongezea mpango ambao hakikuwa nao.

Hii haina maana kwamba wingi wa Kiingereza haujalishi. Unajalisha sana, ila mahali ambapo shule nyingi hazipatazami: kusoma. Paul Nation wa Wellington, New Zealand, alikokotoa kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti bila msaada, anahitaji kujua familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Hakuna mwalimu anayeweza kuandika maneno yote hayo ubaoni. Mengi huja kwa kukutana nayo tena na tena ndani ya hadithi. Ushahidi maarufu zaidi unatoka Fiji, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kwa kila darasa katika shule za msingi za vijijini, wakaacha shule nyingine ziendelee na mazoezi ya kawaida. Wenye hadithi walisonga mbele katika kusoma na kusikiliza kwa kasi mara mbili ya kawaida. Maktaba ya darasa ina gharama ndogo kuliko mambo mengi ambayo bajeti za elimu hulipia, na bado ni kitu adimu.

Kuhusu mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza, hesabu imegeuka yenyewe: wanaokitumia Kiingereza kama lugha ya pili au ya kigeni wamewazidi wazawa kwa mbali sana. Mfanyabiashara wa Mombasa anaweza kukitumia na Mchina au Mturuki, na hakuna Mwingereza katika maongezi hayo. Kwa hiyo Jennifer Jenkins, katika kitabu chake cha 2000, aliacha kuuliza nani anasikika kama mtu wa London, akachunguza ni makosa gani ya matamshi yanayofanya watu wasielewane. Sauti ya “th”, inayowasumbua wanafunzi wengi duniani, aliiweka kando. Haileti mkanganyiko mkubwa. (Waswahili hawakuhitaji msamaha huo, kwani thamani na dhahabu wanazo tangu zamani.) Kinachowakwamisha wao ni urefu wa irabu. “Ship” na “sheep” hutoka kinywani kwa i ileile, vivyo hivyo “live” na “leave”, na hilo Jenkins analihesabu kuwa la maana. Kwa upande mwingine, tabia ya kuchomeka irabu katikati ya konsonanti inamsumbua msikilizaji kidogo kuliko kuiangusha konsonanti. Mwalimu mwenye dakika kumi za matamshi kwa wiki ana pa kuzielekeza.

Kalamu nyekundu nayo imefikishwa kizimbani. Mwaka 1996 John Truscott alidai kusahihisha sarufi katika insha hakufai kitu, kuachwe. Dana Ferris akamjibu mnamo 1999, na mjadala haujaisha. Upande wa mazungumzo, Roy Lyster na Leila Ranta walirekodi madarasa ya Kifaransa huko Montreal wakakuta zaidi ya nusu ya masahihisho ya walimu yalikuwa ya kurudia sentensi ya mwanafunzi kwa usahihi bila kusema kuna kosa. Ni upole unaopita bila kuonekana. Mwanafunzi anasema, “Yesterday he go to market.” Mwalimu: “Oh, he went to the market?” Mwanafunzi, akitabasamu: “Yes, he go.”

Kisha ikaja ChatGPT, Novemba 2022, na kila mtafiti akahamia huko. Tafiti nyingi bado ni za haraka haraka, lakini chache zina uzito. Watafiti wa Stanford mnamo 2023 walizipima programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba, wakazipa insha 91 za mtihani wa TOEFL zilizoandikwa na watu wasio wazawa wa Kiingereza. Kwa wastani zaidi ya nusu zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Msamiati mwepesi na sentensi za kawaida, mambo ambayo mwanafunzi wa lugha hana budi kuwa nayo, ndiyo yaliyomponza. Chuo kinachomfukuza mtu kwa ushahidi wa programu hizo kinamwadhibu kwa kujifunza.

Habari njema zaidi zilitoka Benin City, Nigeria. Mwaka 2024 Benki ya Dunia iliendesha masomo ya Kiingereza baada ya saa za shule kwa wiki sita, wanafunzi wakijibizana na akili mnemba huku mwalimu akiwaongoza. Waliopangiwa kwa kura kushiriki waliwashinda wenzao, na wasichana, ambao mwanzoni walikuwa nyuma, walinufaika zaidi. Mwalimu hakuondolewa chumbani, na kompyuta na intaneti vilikuwepo. Vitu hivyo vitatu havipatikani pamoja kila mahali.

Kwa shule zisizo navyo, kuna mkondo mwingine wa utafiti usiotangazwa sana, unaoanzia kwa mwalimu mwenyewe. Katika miaka ya 1990 Harry Kuchah Kuchah alipangiwa kufundisha Maroua, kaskazini mwa Kamerun: wanafunzi zaidi ya 200 katika chumba kimoja, joto kali, vitabu vya kuhesabu. Badala ya kungoja wizara, alikaa na wanafunzi wakakubaliana la kufanya. Walihamia chini ya miti, wakajigawa vikundi, na wao wenyewe wakaleta maandishi ya kusoma. Mnamo 2011 aliandika uzoefu huo pamoja na Richard Smith wa Chuo Kikuu cha Warwick, na baadaye akawa rais wa IATEFL, chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza. Katika utafiti wake wa udaktari alirudi Kamerun kuwauliza walimu na watoto wa shule za msingi somo zuri likoje. Kuna mambo walikubaliana na mengine walipishana, na maoni ya watoto yalikuwa na uzito ambao mitaala haijawahi kuupa nafasi.