Deni la Taifa: Nani Atoe Imla ya Mkataba?

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu inazungumzia deni. Nayo ni Aya ya 282 ya Suratul-Baqara. Humo Allah (S.W.) anawaamrisha waumini wanaokopeshana kwa muda maalumu waliandike deni lao, kwa mwandishi muadilifu na mashahidi. Kisha linakuja jambo ambalo wengi tunalipita: anayetoa imla ya hati ni mdaiwa, si mdai. Na mdaiwa asipoweza, kwa udhaifu au upungufu wa akili, basi walii wake aitoe kwa uadilifu. Hati hiyo ni ushahidi juu ya mdaiwa, kwa hiyo maneno ya kukiri hutoka kwake.

Deni la misafara

Tabora inalijua deni tangu zamani. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa misafara walichukua nguo, shanga na waya kwa mkopo kutoka kwa matajiri wa Unguja. Mmoja wa matajiri hao ni Taria Topan, aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi (Tippu Tip). Wakapanda bara hadi Unyanyembe na kwingineko kutafuta pembe za ndovu, na kwa dhulma iliyo wazi wakauza hata wanadamu.

Bei ya mkopo ilikuwa juu ya bei ya taslimu. Wanazuoni walio wengi wameruhusu bei ya namna hiyo katika kuuziana bidhaa, maadamu imekatwa siku ya mkataba. Kuongeza tena muda unapopita ndiyo riba ya Jahiliya. Lakini angalau aliyekopa alijua amechukua nini, na deni lilimwandama yeye mwenyewe. Walioshindwa kulipa wako waliobaki bara wakiogopa kurudi pwani.

Deni la nchi

Deni la nchi lina tofauti kubwa: anayesaini siye anayelipa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitahadharisha kuwa kutegemea fedha za nje kunahatarisha uhuru. Hata hivyo nchi ilikopa. Mwaka 1979 mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) yalivunjika, Mwalimu Nyerere akikataa masharti, likiwemo la kushusha thamani ya shilingi. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, makubaliano yalifikiwa na shilingi ikashushwa. Hapo mdai ndiye aliyetoa imla.

Mwaka 2001 na 2006 Tanzania ilifutiwa sehemu kubwa ya madeni. Kusamehe ni jambo jema, na Aya ya 280 inalihimiza kwa mdaiwa mwenye dhiki. Lakini msamaha huo nao ulikuja na masharti.

Kisha tumekopa tena. Njia ya misafara ilifuatwa na reli ya Wajerumani, iliyofika Tabora mwaka 1912. Sasa inafuatwa na reli ya kisasa (SGR). Mwaka 2020 ulisainiwa mkopo wa dola bilioni 1.46 kwa vipande vya Dar es Salaam hadi Makutupora, na Desemba 2021 ukasainiwa mkataba wa ujenzi wa kutoka Makutupora hadi Tabora. Mkulima wa tumbaku wa Urambo atachangia malipo kwa kodi yake.

Hukumu yake

Kukopa si haramu. Mtume (s.a.w.) alifariki deraya yake ya vita ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Kulipa nako ni wajibu: mwenye uwezo akichelewesha, Mtume (s.a.w.) amelihesabu hilo kuwa ni dhulma. Kilichoharamishwa ni riba, na Majmaa ya Fiqhi iliyokaa Jeddah mwaka 1985 iliamua kuwa riba ya benki imo humo.

Linalobaki ni la walii. Sheria ya mwaka 1974 inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali. Basi yeye amesimama mahali pa walii wa wananchi, na uadilifu ni sharti. Kwa mtazamo wetu, uadilifu huo hautimii ikiwa wanaolipa hawajui kiasi, ziada na masharti. Maimamu waifundishe Aya hii misikitini, na waumini wawaulize wabunge wao: mkataba huu umesomwa na nani, na nani ametoa imla yake? Nchi inayotoa imla ya deni lake iko huru ingawa inadaiwa.

Wallahu a'lam.