Leza, Timazi na Uwiano wa Dhahabu

Chukua picha ya uso wa magharibi wa kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, uchoree mistari kwenye kompyuta, na kabla chai haijapoa utakuwa umeupata uwiano wa dhahabu, ile 1.618 inayosifiwa sana mitandaoni. Lakini hata kwenye picha ya kabati la nguo ungeupata. Uso ule una kingo nyingi mno: milango mitatu, safu ya sanamu 28 za wafalme, dirisha la duara, minara ya mita 69 hivi. Mwenye hamu ya namba fulani hakosi pa kuweka rula.

Tupige hesabu. Fundi wa karne ya 13 aliyetaka urefu wa mita 40 uwe na upana kwa uwiano wa 8 kwa 5, jambo linalowezekana kwa kamba yenye mafundo, angepata upana wa mita 25. Kwa uwiano wa dhahabu angepata 24.72. Tofauti ni sentimita 28 tu. Katika picha iliyopigwa kutoka chini, ambako minara huonekana kama inaegemeana, sentimita hizo humezwa kabisa.

Mwaka 2010 mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon, wa Chuo cha Vassar nchini Marekani, alipeleka skana ya leza kanisani hapo. Skana hurusha mwali, ukagonga jiwe na kurudi. Mwali unaorejea huonyesha umbali. Aliisimamisha mahali zaidi ya 50, akakusanya nukta zaidi ya bilioni moja, kila moja kwa usahihi wa milimita chache. Baada ya kanisa hilo kuungua moto Aprili 2019, yeye akiwa ameshafariki, vipimo hivyo viliwafaa sana warekebishaji.

Kwangu mimi, utamu uko kwenye kasoro. Safu ya wafalme ilionekana kutoka timazi kwa karibu sentimita 30. Tallon alieleza kwamba upande wa magharibi ulititia kwenye udongo laini, mafundi wakasimamisha kazi hadi ardhi itulie. Hilo kamba wala picha visingelisema.

Kwa hiyo mchambuzi makini hutaja kwanza pointi atakazopima, katikati ya nguzo au ukingoni mwake, ndipo ashike kikokotoo. Tena mnara wa kaskazini, ulio kushoto ukiutazama uso huo, ni mpana kidogo kuliko mwenzake. Anayedai uwiano mmoja kwa uso mzima aseme kwanza amepima mnara upi.